Askofu Chauncy Maples na Kisiwa cha Likoma

Katika mtaa wetu wako Wakristo wengi ambao wazee wao walitoka Masasi, Newala na pande za Ziwa Nyasa, wakaifuata barabara ya Kilwa hata wakafika Mbagala na Chamazi. Kwa ajili yao hasa, na kwa faida ya wengine wote, tunaleta habari za mtu aliyezijua nchi hizo zote kwa kuzitembea kwa miguu. Naye ni Chauncy Maples, Askofu wa Likoma, aliyekufa maji mwaka 1895.

Likoma ni kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Nyasa. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 18 hivi, na mtu mwenye miguu mizuri aweza kukizunguka kwa siku moja. Kiko kilomita chache tu kutoka ufuko wa Msumbiji, walakini ni sehemu ya Malawi, na maji yanayokizunguka ni ya Msumbiji. Jambo hilo la ajabu lilitokana na misheni. Makao makuu ya wamisionari Waanglikana wa ziwa hilo yalikuwa pale tangu mwaka 1885, na Waingereza wakakihesabu kisiwa kuwa chao. Hata mpaka wa ziwa ulipopangwa kati yao na Wareno mwaka 1954, Likoma na jirani yake Chizumulu vikabaki upande wa Nyasaland.

Siku hizi wageni hutoka nchi za mbali wakaenda Likoma kupumzika. Wengine huja kwa ndege ndogo kutoka Lilongwe. Wengine, kwa miaka mingi, walikuja kwa meli iitwayo Ilala, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1951, na ambayo saa zake za kufika hazikuwa za kutegemewa sana. Wageni hao hutembea kijiji kwa kijiji chini ya miembe na mibuyu, huwatazama wavuvi wakianika dagaa juani, na huingia majini wakiwa wamevaa miwani ya kuogelea ili waone samaki wadogo wa rangi ya samawati na manjano, wakaao katika miamba, ambao watu wa huko huwaita mbuna. Maji ya ziwa hilo ni meupe kiasi kwamba mtu huona chini kama anayetazama ndani ya bilauri.

Lakini wote, hata wasiosali, hupelekwa kuliona kanisa kuu la Mtakatifu Petro. Urefu wake wapita mita 100 na upana wake ni kama mita 25. Kuta zake ni za mawe ya kisiwa chenyewe, madirisha yake yana vioo vya rangi, na nakshi za altareni zimechongwa katika jiwe laini. Upo pia msalaba ambao inasimuliwa kuwa ulichongwa kwa mti wa Chitambo, kule Dk. Livingstone alikofia. Mgeni hustaajabu na kuuliza: kanisa kubwa namna hii limefikaje mahali padogo namna hii? Ili kumjibu yatupasa kuanza mbali na kisiwa.

Chauncy Maples alizaliwa tarehe 17 Februari 1852, karibu na London, na baba yake alikuwa mwanasheria. Alisoma katika shule ya Charterhouse, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Oxford. Huko Oxford alifanya urafiki na kijana mwenzake, William Percival Johnson, na urafiki huo haukukatika mpaka kifo. Wote wawili walijitoa kwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile iliyotokana na mwito alioutoa Livingstone mwaka 1857, na wote wawili walifika Unguja mwaka 1876. Maples alikuwa na umri wa miaka 24.

Askofu wakati huo alikuwa Edward Steere, bingwa wa Kiswahili. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na Steere alikuwa akijenga kanisa juu ya uwanja ule ule. Wengi wetu tumeliona kanisa hilo, na tumeonyeshwa altare ambayo husemwa kuwa imesimama palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Msomaji na alikumbuke jambo hili, maana litarudi tena huko mbele.

Katika mwaka huo huo wa 1876 Steere aliondoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, waliotaka kurudi kwao pande za ziwa. Walipofika Masasi, penye vilima vile vikubwa vya mawe, watu wakaona panafanana na kwao, chakula ni tele na maji yapo, wakakataa kuendelea mbele. Steere akawaacha pale pamoja na Johnson. Mwaka uliofuata Maples akapelekwa Masasi, na ndiko alikojifunza Afrika.

Hakuwa mtu wa kukaa barazani. Alitembea mpaka Mto Ruvuma na kuuvuka, akaandika habari za nchi na watu wake, na mwaka 1880 akazisoma mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia huko London. Alijifunza Kimakua, na mwaka 1879 kitabu chake kidogo cha lugha hiyo kikapigwa chapa. Ndugu zetu Wamakua walio hapa mtaani wajue basi kwamba lugha yao iliandikwa vitabuni mapema, tena kazi hiyo ilifanywa na kijana ambaye hakuwa amekaa nchini hata miaka minne.

Kisha ikaja Septemba ya mwaka 1882. Wangoni, ambao siku zile watu wa kusini waliwaita Wamagwangwara, walishuka Masasi kwa vita. Maples ndiye aliyekuwa mkubwa wa kituo. Ilimbidi aamue: ama watu wa misheni wapigane, ama wasipigane. Bunduki zilikuwapo chache, na wapiganaji waliokuja walikuwa wengi. Wakaamua wasipigane, na watu wakakimbilia vilimani. Nyumba zilichomwa, watu wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka pamoja na wanawake na watoto. Baadaye wamisionari waliwafuata Wangoni mpaka kwao, wakatoa nguo kwa fidia, na baadhi ya mateka wakarudi. Baadhi tu.

Ni vigumu kwetu, tuliokaa salama Chamazi, kumhukumu Maples kwa uamuzi ule. Lakini ni wazi kwamba alitoka Masasi akiwa mtu mwingine. Kituo kilihamishiwa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, karibu na mfalme wa Wayao aliyeitwa Matola, aliyekuwa mtu wa busara na rafiki wa kweli kwa misheni. Toka hapo swali la mahali pa usalama halikumtoka Maples. Kijiji cha Wakristo kikijengwa bara, kitajengwa wapi hata kisichomwe?

Jibu lililetwa na Johnson. Yeye alikuwa amekwisha kufika ziwani. Mwenzake, Padre Charles Janson, alikufa ufukoni mwa ziwa mwaka 1882, muda mfupi tu baada ya kufika huko. Johnson aliyaona mambo mawili. Kwanza, vijiji vyote vilikuwa kando ya maji, kwa hiyo padre mwenye meli angeweza kuvifikia vingi. Akaomba meli, ikapatikana, ikaitwa Charles Janson. Pili, Wangoni waliogopewa kila mahali katika nchi kavu, lakini hawakuwa watu wa mitumbwi. Kisiwa, hata kikiwa kidogo na chenye mawe matupu, kilikuwa ngome. Ndivyo Likoma ilivyochaguliwa mwaka 1885. Haikuchaguliwa kwa sababu ya uzuri wake, ingawa uzuri huo ndio unaowavuta wageni leo.

Maples alifika Likoma mwaka 1886 akiwa Arkidikoni. Kazi ikagawanyika kwa namna iliyowafaa wote wawili. Johnson hakuweza kutulia. Alikaa melini na vijijini, akila chochote na kulala popote. Maples akawa mwenye kukaa kisiwani, kufundisha, kujenga na kupanga. Udongo wa Likoma ni haba, mihogo haikutosha, na chakula kingi ilibidi kiletwe kwa mashua kutoka bara. Upepo wa mwera ulipovuma kwa nguvu, mashua hazikutoka, na watu walikaa wakingoja. Mtu asiyependa watu angekichukia kisiwa kile katika mwezi mmoja. Yeye alikaa miaka tisa.

Alipenda vitabu, alipenda kuandika barua, na alipenda gazeti! Kuanzia mwaka 1893 mtambo wa misheni ulipiga chapa pale pale kisiwani gazeti lililoitwa Nyasa News, na Maples alilisimamia. Sisi tunaohangaika kila mara kupata karatasi na wino kwa ajili ya kurasa hizi tutaelewa ilikuwa kazi gani kutoa gazeti mahali ambapo karatasi ilipanda mto, ikabebwa kichwani na wapagazi, ikapanda meli, ndipo ikafika.

Yapo pia mambo mazito aliyoyakuta. Mahali pamoja kisiwani paliitwa Chipyela, maana yake mahali pa kuchomea moto. Waliotuhumiwa uchawi walinyweshwa mwavi, na walioshindwa walichomwa pale. Maples aliyajua hayo kwa karibu, kwa kuwa yalifanyika katika siku zake, hatua chache kutoka shuleni kwake. Hakuwa na askari wa kuyakomesha. Alichokuwa nacho ni maneno, dawa, shule na kule kukaa pale siku zote, mwaka baada ya mwaka. Polepole moto wa Chipyela ukazimika. Na hapo ndipo kanisa kuu liliposimamishwa baadaye, na masimulizi ya kisiwa husema altare kuu iko mahali penyewe pa moto. Ndilo lile jambo la Mkunazini lililorudi. Wamisionari hao walitoka katika shule moja ya Askofu Steere, nao walipenda kuweka meza ya Bwana mahali palipokuwa pabaya kuliko pote.

Mwaka 1892 nchi ya ziwa ilifanywa dayosisi mbali na Zanzibar. Askofu wake wa kwanza, Wilfrid Hornby, aliugua akajiuzulu mwaka 1894. Macho ya wote yakamgeukia Maples, naye hakufurahi. Alijiona afadhali kuwa mtumishi wa mwingine. Mwishowe akakubali, na tarehe 29 Juni 1895, sikukuu ya Mtakatifu Petro, akawekwa wakfu katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, kuwa Askofu wa Likoma. Dayosisi iliyoenea pande zote za ziwa refu namna ile ikachukua jina la kisiwa ambacho ramani nyingi hazikukionyesha.

Baada ya kuwekwa wakfu angeweza kupumzika Uingereza, kama maaskofu wengi wafanyavyo, akizunguka kuomba fedha. Hakutaka. Moyo wake ulikuwa Likoma, akaondoka upesi.

Huku nyuma, mwezi wa Agosti, mmoja wa mapadre wake, George Atlay, alikuwa amekwenda bara ng'ambo ya kisiwa kupumzika siku chache, akauawa na Wangoni. Inasimuliwa kwamba bunduki yake ilikutwa ikiwa bado na risasi zake zote. Aliweza kuitumia, asiitumie. Uamuzi wa Masasi ulikuwa umepata mtu mwingine wa kuutimiza.

Maples alifika kusini mwa ziwa, akapanda mashua ya matanga ya misheni pamoja na mlei mmoja, Joseph Williams, na mabaharia Waafrika. Ulikuwa wakati wa pepo kali. Inasimuliwa kwamba mabaharia waliona hali ya ziwa si njema na walipenda kutia nanga, bali Askofu alitamani waendelee mbele usiku ule, maana kila saa ilimkaribisha nyumbani. Mtu aliyekaa miaka tisa kando ya ziwa lile aliujua mwera kama mwingine yeyote. Lakini alikuwa na hamu ya kufika, na hamu ilishinda ujuzi. Usiku wa tarehe 2 Septemba 1895, si mbali na Salima, wimbi likaijaza mashua ikazama.

Mabaharia walikuwa waogeleaji hodari. Walijaribu kumshika Askofu wao na kumvuta kuelekea pwani, lakini kanzu yake ndefu ilikuwa imeloa ikawa nzito, na bahari ile ya maji matamu ilikuwa imechafuka. Akawaambia wamwache, wajiokoe wenyewe, wasife kwa ajili yake. Williams naye akafa. Mabaharia wakafika pwani. Mwili wa Maples ulipatikana baadaye, ukachukuliwa Nkhotakota, ukazikwa kanisani huko. Alikuwa na miaka 43, na alikuwa askofu kwa muda wa miezi miwili na siku chache. Hakukanyaga Likoma hata mara moja akiwa askofu wake.

Kwa hiyo mgeni aingiaye leo katika kanisa kuu la Likoma anaona kitu ambacho Maples hakukiona. Jiwe la msingi liliwekwa mwezi Januari 1903, katika siku za Askofu Gerard Trower. Ramani ilichorwa na Frank George, naye Arkidikoni Arthur Glossop, aliyeishi kisiwani zaidi ya miaka hamsini, akawa mwangalizi wa kazi. Watu wa Likoma wenyewe walivunja mawe, wakayabeba na kuyapanga. Kanisa liliwekwa wakfu tarehe 14 Novemba 1911. Wapo wanaosema kwamba lilikuwa kubwa kupita kiasi kwa kisiwa chenye watu wachache vile, na kwamba fedha zingefaa zaidi kwa shule. Neno hilo lina haki yake. Lakini mwulize mtu wa Likoma kama yuko tayari kulibadili kwa majengo kumi madogo, uone atakavyokutazama.

Kumbukumbu nyingine ya Maples haikujengwa kwa mawe, na haikutoka Afrika. Mwaka 1899 kiwanda cha Alley na McLellan huko Glasgow, Scotland, kilijenga meli ya mvuke kwa ajili ya misheni, kisha ikafunguliwa vipande 3,481 ili ibebwe. Boila lake lilikuwa na uzito wa tani 11. Halikuweza kubebwa na wapagazi kwa vichwa, kwa hiyo likawekwa juu ya magurudumu, na Wangoni 450 wakalivuta kwa kamba mwendo wa kilomita mia moja na zaidi, kuyapita maporomoko ya Mto Shire, wakienda kama kilomita tano kwa siku. Wangoni hao walikuwa wa nchi ya Nyasaland, si wale waliochoma Masasi, lakini ni ukoo mmoja. Meli ilishushwa majini mwaka 1901, ikaitwa Chauncy Maples. Ikawa kanisa, shule na zahanati yenye kuelea, na kwa miaka zaidi ya hamsini ikapita kijiji hadi kijiji kwa kazi ya misheni. Baadaye iliuzwa, ikavua samaki, ikachukua abiria, mpaka ikapumzishwa huko Monkey Bay karibu na mwaka 1990.

Wageni wengi wanaosoma jina hilo ubavuni mwa meli hudhani ni jina la tajiri fulani, au la aina ya mti.

Johnson alipokea habari za kifo cha rafiki yake akaendelea na kazi. Macho yake yalikuwa mabovu kwa muda mrefu, jicho moja likiwa limepofuka kabisa, lakini alizidi kutembelea vijiji vya ziwa kwa miaka mingine 33, na mingi kati ya hiyo akiwa ndani ya meli yenye jina la Maples. Alitafsiri Maandiko katika lugha ya watu wa huko, akavuka siku za Wajerumani na Vita Kuu, akafa mwezi Oktoba 1928 akiwa mzee wa miaka 74. Alizikwa Liuli, upande wetu wa ziwa, katika Wilaya ya Nyasa ya leo. Kwa hiyo atakayejaliwa nauli na siku za kutosha aweza kwenda kwa basi mpaka Songea, apite Mbinga, ashuke Mbamba Bay, kisha afuate ufuko kuelekea kaskazini mpaka Liuli alizuru kaburi la Johnson. Kaburi la Maples liko ng'ambo, Nkhotakota, na kanisa lao liko kisiwani.